Jani Kavu kwa Mama Mkwe

— Mama, unisemee kweli. Ulizungumuza na nani juu ya ile jani?

Nyiraneza alikuwa amepiga magoti mbele ya kikapu chake kikubwa, mikono imezama ndani ya maharagwe hadi viwikoni. Alipoitoa, vumbi jeupe lilimganda vidoleni, na fukusi weusi wakaanza kutembea juu ya mkono wake kama wenye nyumba. Kikapu kizima kilikuwa kimetobolewa. Na cha pili. Na cha mbegu.

— Mama? Gustave alirudia, kwa sauti ya upole kabisa.

— Nilimuambia Thacienne.

— Thacienne tu?

— Yeye tu. Alikuta jani pale juu ya mulango, akaniuliza, nikamujibu. Nilifikiri mutoto wangu si muntu wa inje.

Gustave alishusha pumzi, akatikisa kichwa kama mtu anayeletewa habari ya msiba.

— Pole, mama. Njo vile nilikuwa nasema. Jani ikisemwa, inakufa. Siku ingine tunyamaze.

Thacienne alikuwa amesimama mlangoni na mtungi wa maji kichwani. Alisikia yote. Yeye ndiye aliyeuliza. Alijiona mwizi ndani ya nyumba ya mama yake mwenyewe.

— Mama, ni mimi. Unisamehe. Mimi njo niliuliza.

— Hapana, mwanangu. Ni kinywa changu. Ni kinywa changu hii!

Na Nyiraneza, mjane wa watu, akajipiga kofi la mdomo. Mara moja, mara ya pili. Thacienne alitua mtungi chini na kumshika mikono. Gustave naye akatoa leso nyeupe mfukoni, iliyokunjwa vizuri, akampa mama mkwe wake mtarajiwa ajifute machozi.

Ndugu msomaji, hiyo leso iweke mahali. Tutairudia.

Ulikuwa mwaka wa 1954, juu ya kilima kinachoitazama Sake, kwenye njia ya kupanda Masisi. Huko kila mama alilima maharagwe, na kila mama aliumwa kichwa na swali moja tu: niuze leo, au ningoje? Kamyo, yaani lori la machimbo ya Walikale, ikija sokoni Sake kununua chakula cha wafanyakazi, bei inapanda. Isipokuja, unarudi na mzigo wako mlimani au unautupa kwa bei ya huzuni. Na kamyo haikuwa na siku yake. Ilikuja ilipotaka.

Hapo ndipo akatokea Gustave. Mtoto wa wawindaji wa Walikale, shati limepigwa pasi, baiskeli inang'aa, amewahi kupima mizigo ya wafanyabiashara kule Bukavu. Alisema ana hesabu. Si uchawi, bamama, ni hesabu! Siku moja kabla ya soko alipita vilimani na kumwachia kila mteja wake kipande cha jani la mgomba. Likiwa bichi, uza kesho. Likiwa kavu, ngoja, bei itapanda. Malipo yake yalikuwa kipimo cha maharagwe au kuku. Na sharti moja: usimwambie mtu, hata mume wako.

— Kwetu mu pori, alieleza, mutego ikisemwa haikamate nyama. Jani yangu ni vilevile.

Wamama walikubali haraka, maana hata wao hawakutaka kusemwa. Wote walikuwa watu wa misioni. Nani angependa padiri asikie kwamba analipa kuku kwa ajili ya jani? Aliyepata faida alicheka peke yake jikoni. Aliyepata hasara alijichunguza: nilisema wapi? Nilimtazama nani vibaya? Kisha akanyamaza.

Thacienne alimpenda. Tusizunguke. Alimpenda tangu siku ile pale Sake Gustave aliposimamisha baiskeli mbele ya mzigo wao.

— Dada, unauzisha maharagi ao unauzisha macho?

— Macho haiko ya kuuzisha. Na maharagi, ongea na mama.

— Basi nitaanza na mama.

Akaanza na mama kweli. Alimbebea mizigo, alimtengenezea paa la jiko, alimwita mama kabla hajaruhusiwa. Nyiraneza alicheka naye sana. Siku moja tu, akichambua mboga, alimtupia swali.

— Gustave, mutoto, kama unajua siku yenye bei itapanda, juu ya nini haununue maharagi weye mwenyewe? Mwenye kujua fasi gani mvua itanyesha hauzishe habari. Anaenda kulima pale.

Gustave alicheka kuliko wote.

— Mama, faida yote ile nikule mimi peke yangu, nipeleke wapi? Nataka tupande wote.

Jibu lilikuwa tamu, na swali la pili halikuulizwa.

Mwezi wa saba likaja jani kavu. Nyiraneza akakataa bei nzuri aliyopewa pale Sake, akarudisha mavuno yote nyumbani. Akangoja. Kamyo ya machimbo haikuja wiki iliyofuata, wala ya pili yake, na bei ikaporomoka. Fukusi hawakungoja bei.

Na sasa mvua za kupanda zilikuwa karibu, na nyumbani hapakuwa na mbegu.

Simu hakuna, kwa hiyo ujumbe wa wapenzi ulisafiri kwa mdomo wa dereva wa kamyo ya mizigo iliyopita njia ile. Alipunguza mwendo kwenye kona, akatoa kichwa dirishani:

— Thacienne! Gustave anasema: "Siku ya posho tunakuya. Kaka yangu Léopold anatoka Walikale na nyama ya kukausha. Umuambie mama asilie tena."

— Umuambie: "Mama hajaacha kulia. Lakini kuya."

— Hiyo ya "kuya" niiseme na sauti gani?

— Na sauti yangu.

— Basi unilipe ndizi, sauti yako ni kazi ya nguvu kuigiza.

Alipewa ndizi, akaondoka akipiga honi. Thacienne alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya fukusi.

Kulikuwa na kizuizi kimoja, na kizuizi hicho kiliitwa Hakorimana, kaka wa marehemu baba yake. Mzee alikuwa na ng'ombe, na mdomo.

— Huyu muntu hana shamba, hana ng'ombe, hana duka. Anakula nini?

— Anakula akili yake, baba mukubwa.

— Akili ya muntu haishibishe. Lazima iko fasi anachota. Siku ya posho nitauliza mbele ya watu wote: nani anasimama juu yake, amushuhudie? Kama hakuna, warudie na nyama yao.

Thacienne hakuliacha neno hilo lipite. Siku ya soko aliteremka Sake, akamtafuta Hélène wa Shasha, kule ziwani, aliyewahi kumwona akimlipa Gustave kuku; muuza maharagwe na samaki, mama mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya ziwa. Aliposikia Thacienne ni mchumba wa nani, Hélène alimkumbatia na harufu yote ya samaki.

— Muntu wako njo aliniezekea nyumba, mutoto! Mabati!

— Mama Hélène, utakuya kusema hivyo kwetu? Siku ya posho?

— Na ile sharti ya kunyamaza?

— Ile jani ya zamani ilishafanya kazi yake. Haiwezi kufa sasa.

— Ah, weye uko na akili. Nitakuya. Na nguo yangu mupya.

Ndivyo Thacienne alivyomtafutia mchumba wake shahidi. Kwa miguu yake mwenyewe, kwa mapenzi yake mwenyewe.

Jumamosi, ile siku ya posho, ilifika. Uani kwa Nyiraneza watu walijaa, wa kilimani upande mmoja, wageni wa Walikale upande wa pili. Katikati palikuwa na kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake. Desturi ya nyumba ile ilikuwa nyepesi: maneno yakiisha, msichana anavuta kidogo, kisha anampa mwanamume. Akishavuta yeye, mambo yamekwisha, mnapiga vigelegele.

Léopold, kaka mkubwa wa Gustave, alisalimia. Mwindaji mrefu, mwenye kovu shavuni, asiyezoea kusema sana.

— Tulileta nyama ya pori yetu. Tunaomba mutoto ya hii nyumba. Ni ile tu.

— Aksanti, alisema Hakorimana. Sasa, nani anasimama juu ya huyu kijana? Nani anajua kazi yake?

Gustave alitaka kujibu. Thacienne akamtangulia, amejaa furaha ya mtu aliyeficha zawadi:

— Iko muntu, baba mukubwa. Mama Hélène, simama.

Gustave aligeuka. Alipomwona Hélène, uso wake ulibadilika, lakini Thacienne alidhani ni aibu ya kijana anayejua atasifiwa, si kitu kingine.

— Mimi ni Hélène wa Shasha! Munaniona? Munakumbuka ile soko ya mwezi wa saba, siku yenye mvua ilinyesha katikati ya kiangazi mpaka tukajificha chini ya makamyo? Watu wengi walikataa kuuzisha, wakarudia na maharagi yao. Mimi huyu kijana alinitumia jani ya mubichi. Nikauzisha yote, hata ya kupika sikubakisha! Wiki yenye ilifuata, bei ikaanguka. Mabati ya nyumba yangu ni ya ile jani. Muzae mabinti kumi, mumupatie wote!

Watu walicheka, wanaume wakapiga makofi. Hata Hakorimana alilegeza midomo.

Nyiraneza hakupiga makofi. Alikuwa ameshika sinia ya ugali. Aliiweka chini taratibu.

— Dada Hélène, rudilia. Soko gani?

— Ile ya mvua, mama.

— Na jani ilikuwa mubichi?

— Mubichi kabisa, ingali na maji.

— Mimi alinitumia kavu.

Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Gustave alisimama.

— Mama, ile mambo tulisema tunyamaze. Ni siku ya furaha...

— Mimi pia alinitumia kavu.

Huyo alikuwa Mukasine, jirani wa bondeni, mwanamke asiyesikika hata kanisani wakati wa kuimba. Sasa alisogea mbele, akaendelea:

— Soko ile ile. Alisema labda nilimuambia bwana yangu. Sikumuambia. Sikumuambia hata muntu mumoja! Nilifikiri ni zambi yangu ingine njo iliua jani. Niliungama zambi zote zenye nilikuwa najua, nikatafuta zingine.

— Na mimi, alisema mama mwingine nyuma yake.

— Na mimi, kavu.

Walisimama mmoja baada ya mwingine, wamama wa kilima kimoja waliochota maji kwenye kijito kimoja, kila mmoja na aibu yake aliyodhani ni ya peke yake. Walitazamana kama ndio kwanza wanajuana.

Léopold alimgeukia mdogo wake.

— Gustave. Ile neno ya mutego. Uliuzisha ile neno?

— Kaka, ngoja nieleze.

— Baba alitufundisha kunyamaza juu ya nyama. Hapana juu ya bajane. Eleza.

Gustave alitazama mlango wa ua. Ulikuwa umejaa watu. Akaanza kusema, haraka haraka, kama anayemwaga mzigo.

— Muntu hawezi kujua kamyo inakuya wakati gani. Hata dereva hajue. Mimi nilikuwa nagawanya. Bilima ya huku, kavu. Shasha, mubichi. Siku ingine nageuza. Upande moja lazima utasema aksanti.

— Na ule mwingine? Hakorimana aliuliza.

— Ule mwingine... wananyamaza.

— Kwa hiyo hapana hesabu. Haukujua kitu.

— Kama ningejua, mzee, ningetembea na baiskeli ya kuazima?

Mtu mmoja alicheka kwa bahati mbaya, akajifunika mdomo. Thacienne hakusikia kicheko. Alikuwa amesogea mbele ya Gustave, karibu kiasi cha kuona jasho juu ya mdomo wake.

— Na mama yangu?

— Thacienne...

— Nyumba yenye ulikuwa unakula. Mama mwenye ulikuwa unaita mama. Ulimuweka upande gani?

— Mama iko kilima ya huku. Kama ningemupatia mubichi peke yake, majirani wangemuona anauzisha, wangeuliza. Lakini naapa, sikujua kavu njo itaanguka! Ingeweza kuwa ya kweli. Ingeweza kabisa!

— Mimi sikuulize juu ya bei, Gustave. Nakuuliza juu ya leso.

— Leso gani?

— Siku yenye mama alijipiga mu kinywa. Mbele yako. Ulijua jani haikufa juu ya kinywa chake. Muntu moja tu hapa duniani alikuwa anajua ile, ni weye. Ukatoa leso mu mufuko, ukamupatia. Ukasema "siku ingine tunyamaze".

Gustave alijifuta jasho kwa kiganja.

— Niliogopa kukupoteza, alisema.

— Ukaona heri mama njo ajipoteze. Na mimi pia. Kila siku naona kikapu ya mbegu, najisemea: ni mimi, niliuliza. Ulituangalia wote wawili tunalia, kila muntu anajibebesha kosa yako.

— Nakupenda, Thacienne. Ile moja haikuwa ya kugawanya. Sikuambia muntu mwingine ile neno, hapana Shasha, hapana Walikale. Ni kweli.

Machozi yalimtoka Thacienne palepale, bila kificho.

— Nasadiki. Njo maana inaniumiza hivi. Ungekuwa muongo kabisa, ningepona leo.

Hakorimana alikohoa, kwa kuwa ndiye aliyepaswa kuuliza, na aliuliza kwa sauti ndogo asiyoizoea:

— Mwanangu, kibuyu iko pale. Ni weye unasema.

Thacienne alikiinua kibuyu. Gustave alimtazama kwa matumaini ya mtu anayezama. Lakini Thacienne hakuvuta. Alimpita, akaenda kwa mama yake, akapiga magoti.

— Vuta, mama. Kinywa chako haina kosa.

Nyiraneza alivuta, huku akilia. Kisha Thacienne akampelekea Mukasine. Kisha yule wa nyuma yake. Kila mama aliyepata jani kavu alivuta, na kila mmoja alipomaliza alinyoosha mgongo kidogo. Mzunguko ulikuwa mrefu. Kibuyu kilipomfikia Gustave mikononi, kilikuwa chepesi, pombe imekwisha.

— Thacienne, nipatie jibu, alisema.

— Weye ulikuwa unauzisha majibu. Yangu nakupatia ya bure, na nayo ni ya kweli. Rudia Walikale.

Léopold hakubishana. Alimshika mdogo wake bega, kisha akamgeukia mjane na kuinama.

— Mama, nyama ibaki. Si ya ndoa tena. Ni ya pole.

Waliondoka, baiskeli ya kuazima ikisukumwa kwa mkono.

Hélène alikuwa bado amesimama na nguo yake mpya, sauti yote imemwisha.

— Mama Nyiraneza, mabati siwezi kuyang'oa. Leo nitalala chini yake nikisikia namna gani? Lakini mbegu niko nayo. Itafika mbele ya mvua. Ya kwako, na ya hawa wote.

— Hélène, weye haukutuibia.

— Najua. Lakini nilisema aksanti kwa mwenye aliwaibia.

Mvua ilikuja, na mbegu za Shasha zilikuwa zimetangulia. Asubuhi moja mama na binti walikuwa shambani, mmoja akichimba kwa jembe, mwingine akidondosha maharagwe kwenye mashimo, kamyo ilipopunguza mwendo pale kwenye kona.

— Thacienne! Gustave anasema: "Kama iko hata neno moja..."

— Umuambie nilishamupatia!

— Na sauti gani?

Alimgeuzia mgongo. Dereva alielewa, hakudai ndizi, akaenda zake. Thacienne aliinama tena. Maharagwe yalikuwa yakimponyoka, kwa sababu hakuyaona vizuri.

— Unalia? mama yake aliuliza bila kugeuka.

— Ndiyo, mama. Nilimupenda sana.

— Lia, mwanangu, lia yote. Lakini angalia fasi unakanyaga. Hiyo ni mbegu.